Timba Likivunjika Usikimbilie Kuweka Nene: Kusoma Dalili za Dari Mgodini

Swali linalonifikia mara nyingi kwa simu kutoka Handeni na Kilindi ni hili, kuhusu timba, yaani gogo linalosimamishwa kushikilia dari ya mgodi: "Shikamoo mzee, timba limevunjika tena, tuweke nene zaidi?" Nami huuliza: "Marahaba mwanangu. Limevunjika wapi? Kichwani, katikati, au limezama chini?" Basi hapo kimya. Aliyepiga hajaangalia, maana vipande vimeshatolewa nje na timba jipya limeshachongwa. Hapo ndipo penye hatari. Timba lililovunjika limekuletea habari ya kinachotokea juu yake. Ukilitoa na kusimamisha jingine bila kulisoma, habari umeitupa na tatizo umeliacha palepale juu ya vichwa vya watu.

Mkoa wa Tanga hauna mgodi wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi. Tuna dhahabu Handeni na Kilindi, na vito bonde la Umba. Lakini elimu ya kushikilia dari imekomaa zaidi kwenye makaa ya mawe kuliko kwingine, kwa sababu makaa hulala kama mkeka mpana chini ya tabaka dhaifu za mwamba, na wachimbaji hutembea mbali sana chini ya dari hiyo. Hapa nchini mgodi uliojulikana kwa kazi hiyo ni Kiwira, uliofunguliwa mwaka 1988. Kwa hiyo maelezo haya yanafuata makaa ya mawe, na penye tofauti na duara zetu za huku, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, nitasema.

Jambo moja linatangulia dalili zote. Ukiona au ukisikia chochote kati ya haya yanayofuata, watu watoke kwanza, uchunguzi ufuate, na uchunguzi wenyewe ufanywe ukiwa umesimama chini ya dari iliyoshikiliwa. Usivuke timba la mwisho, hata kwa kuokota sururu iliyosahaulika. Jiwe la urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa nusu mita lina uzito wa takriban tani 2 na nusu. Kofia ngumu haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Dari inalia

Milio haifanani. Kuna mlio wa kukatika mmoja mmoja muda mfupi baada ya kulipua au kukata: mara nyingi ni mwamba unajipanga baada ya kuondolewa kilichokuwa chini yake, na hupungua saa hadi saa. Wa kuogopwa ni ule ambao badala ya kupungua unaongezeka, ukifuatana na vumbi au vipande vidogo vinavyodondoka kama mchanga. Hapo tabaka zinaachana. Hakuna la kujadili, tokeni.

Dari isiyolia ndiyo inayopimwa kwa mtarimbo. Gonga kwa ncha ya chuma, na mkono mwingine uweke kiganja kwenye mwamba, pembeni kidogo ya unapogonga. Mlio mkavu, mkali, na kiganja kisichohisi kitu: mwamba umeshikana. Mlio wa debe tupu, au kiganja kinachohisi mtetemo: kuna nafasi kati ya tabaka ya chini na ya juu. Lakini jihadhari na kipimo hiki. Kinasikia tabaka nyembamba tu. Bamba nene la mwamba lililoachana juu sana hutoa mlio mzuri kabisa, na watu wamekufa chini ya dari iliyogongwa asubuhi ikasifiwa.

Ndiyo maana napenda kipimo cha pili, kisichohitaji mashine. Pigilia msumari mrefu kwenye dari (toboa tundu dogo, ingiza kigingi cha mti, pigilia humo), na mwingine sakafuni chini yake. Pima umbali kati ya vichwa viwili kwa futi ya chuma, andika namba na tarehe kwa chaki ukutani. Rudia kila zamu, mtu yuleyule kama inawezekana. Namba ikisimama, vizuri. Ikipungua milimita moja leo, moja kesho, kisha tatu kesho kutwa, mwendo unaongeza kasi. Kasi inayoongezeka ina maana kubwa kuliko jumla yenyewe.

Migodi mikubwa ya makaa ya mawe hutumia kiashiria cha mwendo wa dari chenye nanga (vishikizo) mbili ndani ya tundu moja: moja ndani ya sehemu iliyofungwa kwa boliti (fimbo za chuma zinazoingizwa ndani ya dari), nyingine juu zaidi ya ncha za boliti. Faida yake ni kwamba kinaonyesha mahali mwendo ulipo. Mwendo ukiwa ndani ya urefu wa boliti, boliti hazishiki vizuri au ni chache. Ukiwa juu ya boliti, basi boliti zenyewe zinashuka pamoja na dari nzima, na kuongeza nyingine za urefu uleule hakusaidii kitu. Zinatakiwa ndefu zaidi, au matimba ya kubeba kutoka chini.

Timba lenyewe: limevunjika vipi?

*Limepinda na kuvunjika katikati.* Hili ndilo la kawaida kuliko yote huku kwetu, na chanzo chake mara nyingi ni urefu, wala uzito wa dari si mkubwa kupita kiasi. Timba jembamba likirefushwa mara mbili bila kunenepa, mzigo linaoweza kubeba kabla ya kupinda hushuka hadi robo. Kwa hiyo fundi aliyezoea pango la mita 2 akitumia miti ileile kwenye pango la mita 4, amepoteza robo tatu ya nguvu yake bila kujua. Hapa kweli mti mnene unasaidia, au kupunguza kimo, au kufunga matimba kwa mbao za kuyashika katikati. Angalia pia kama mti ulikuwa umepinda tangu mwanzo, au una vifundo vikubwa mahali pamoja, au umechongwa sana ubavuni ukapoteza nyuzi zake ndefu.

*Kichwa kimepondeka, nyuzi zimefunguka kama ufagio.* Dari inashuka kwa uzito wake wote, polepole. Timba la namna hii limefanya kazi yake na kutoa onyo. Kuweka nene zaidi mahali palepale kunasogeza tu siku. Uliza kwa nini dari inashuka: je, upana wa pango umeongezwa? Je, nguzo ya mwamba iliyo jirani imechokonolewa? Huku ndiko kunakohitaji mnara wa magogo, yaani magogo yaliyolazwa mawili mawili kwa kupishana kutoka sakafuni hadi darini. Mnara hubeba eneo pana, hubonyea taratibu, na hauanguki ghafla.

*Limezama sakafuni.* Sakafu ni laini au imelowa. Timba ni zima, dari inashuka nalo. Dawa yake ni kibao kipana cha chini, cha kugawa mzigo, na kuondoa maji. Nimeona watu wakilichomoa timba la hivi na kulikata mguu "ili likae sawa." Kukata mguu kunalifanya lilegee, basi.

*Limelegea, ukilisukuma linacheza.* Ama kabari zimelegea, ama mti ulikatwa mbichi ukakauka na kusinyaa. Mkaratusi mbichi una tabia hiyo, tena hupasuka ukikauka. Timba lililolegea halibebi chochote hadi dari ishuke kulifikia, na dari ikishaanza kushuka imeshaachana. Gonga kabari upya kila zamu.

*Limeoza.* Chomeka kisu karibu na sakafu na karibu na dari, ndipo unyevu hukaa. Kisu kikiingia bila kutumia nguvu, badilisha, lakini simamisha jipya kando kabla ya kutoa la zamani.

Kuhusu miti yetu: msaji wa Longuza ni mti mzuri, lakini bei yake huwafanya watu wapunguze idadi, na matimba machache mazuri yaliyo mbalimbali hayazidi mengi ya kawaida yaliyo karibu. Msonobari wa milimani Lushoto ni mwepesi na hulalamika sana kabla ya kuvunjika, jambo ambalo chini ya ardhi ni sifa. Boriti ya mkoko ni ngumu, ila ni nyembamba kwa kazi ndefu, na ukataji wa mikoko una vibali vyake. Bua la mkonge lisiingie shimoni kabisa kwa kazi ya kubeba. Ni jepesi kwa sababu ndani yake ni sifongo, libaki kwenye wigo.

Boliti zinalegea, bamba zimejipinda

Kwenye makaa ya mawe, boliti ndiyo silaha kuu. Kazi yake ni kufunga tabaka nyembamba za dari ziwe boriti moja nene, au kuzining'iniza kwenye mwamba mgumu ulio juu. Bamba la chuma la kichwani pa boliti lililojipinda kama sahani maana yake dari inasukuma. Bamba linalozunguka kwa vidole maana yake nanga haijashika, au mwamba uliokuwa nyuma ya bamba umemenyuka. Rudi kwanza kwenye tundu. Boliti za resini (gundi inayogandisha boliti ndani ya tundu) zinataka tundu lisilo pana: boliti ya milimita 22 hukaa vizuri kwenye tundu la takriban milimita 28. Tundu likipanuka kwa sababu ya biti (ncha ya kutobolea) mbovu, resini haichanganyiki sawasawa na ganda la plastiki hubaki limeizunguka boliti, ikashika ganda badala ya mwamba. Tundu refu kuliko boliti nalo hunyonya resini juu, sehemu ya chini ikabaki tupu.

Kwa wanaohifadhi mzigo pwani, joto hufupisha maisha ya resini. Vifuko vya resini vilivyokaa kwenye ghala la bati hapa Tanga mwezi wa Februari visiaminiwe kwa tarehe ya boksi peke yake. Jaribu kimoja nje kabla ya kupeleka chini, na boliti zilizoliwa na chumvi ya bahari zitengwe.

Nguzo zinamenyuka mbavuni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloua wengi kwa pamoja.

Nguzo ninazozungumzia ni zile za mwamba au makaa yenyewe yanayoachwa bila kuchimbwa ili yabebe kilicho juu. Dalili ni vipande vinavyomenyuka mbavuni, nyufa za wima sambamba na uso wa nguzo, na nguzo inayoonekana kama imeliwa kiunoni. Vyanzo vinaweza kuwa viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni kidogo: uso umekauka, au baruti iliuvunja, na nguzo ndani ni nzima. Cha pili ni kwamba nguzo nzima imezidiwa. Kuvitofautisha, safisha vipande, weka alama ya rangi, rudi baada ya siku chache. Kumenyuka kwa juu juu husimama. Kwa nguzo iliyozidiwa huendelea, na utaona hali hiyohiyo kwenye nguzo ya jirani, kisha ya pili yake.

Tarehe 21 Januari 1960, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo zilizokuwa zimepunguzwa zilianza kuvunjika moja baada ya nyingine, mzigo wa iliyokufa ukihamia kwa iliyo hai. Zaidi ya watu 430 walibaki chini. Kutokana na msiba huo wataalamu Salamon na Munro walichunguza nguzo zilizosimama na zilizoanguka, na mwaka 1967 wakatoa hesabu inayotumika hadi leo: nguvu ya nguzo huongezeka na upana wake na hupungua na kimo chake. Wakapendekeza nguzo iwe na nguvu mara 1.6 ya mzigo wake.

Tuitumie hesabu hiyo hapa hapa. Chukua nguzo ya mraba ya mita 12 kwa 12, mapito ya mita 6 kila upande. Kila nguzo inabeba eneo la mita 18 kwa 18, yaani mita za mraba 324, kwa mwili wa mita za mraba 144. Sasa mtu anapita "kunyoa" mita 1 na nusu kila upande, kwa kuwa makaa yapo na ni mazuri. Nguzo inabaki mita 9 kwa 9, mwili wa mita za mraba 81. Mzigo kwa kila mita ya mraba umepanda kwa karibu asilimia 78. Na nguvu ya nguzo kwa kila mita ya mraba imeshuka kwa takriban asilimia 12 kwa sababu ya kuwa nyembamba. Ukiweka pamoja, usalama umebaki nusu: 1.6 imekuwa karibu 0.8. Nguzo hiyo inatakiwa iwe imeanguka, na kama bado imesimama, jirani zake ndio wanaoibeba. Ukichimba sakafu ili kuongeza kimo mara mbili, nguvu inashuka zaidi ya theluthi, hata kama hujagusa mbavu.

Huku kwenye dhahabu mwamba ni mgumu kuliko makaa na namba zake si hizi, lakini mwenendo ni uleule, na kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu nguzo yenyewe inaweza kuwa na mkanda wa dhahabu unaoonekana kwa tochi. Nawaomba wenye leseni: atakayegusa nguzo asiwe mtu anayelipwa kwa mifuko aliyotoa. Mtu huyo hawezi kuamua kwa haki.

Dawa ya nguzo iliyozidiwa haiko kwenye matimba. Hakuna timba linalochukua nafasi ya mamia ya tani. Ni kusimamisha uchimbaji eneo hilo, kuzungushia vizuizi, na kujaza mapito kwa kifusi pale inapowezekana kufanywa kwa usalama, kwa ushauri wa mhandisi.

Mkato kwenye kona, na sakafu inayopanda

Ukiona ufa unaotembea pale dari inapokutana na ubavu, na mwamba ukisagika vipande vyembamba kama vigae, shinikizo linatoka pembeni, wala si uzito wa juu. Mara nyingi pango moja linaumia hivi na lile linalokatiza kwa pembe mraba ni zima. Hiyo ndiyo dalili ya uhakika. Boliti zaidi zitasaidia kidogo, lakini tiba ni kubadili uelekeo wa mapango makuu yaende sambamba na shinikizo kubwa.

Sakafu inayovimba na kupanda ni ndugu wa tatizo hilo: tope-mwamba laini limelowa, na nguzo zinaibonyeza kama vidole. Kuchimba sakafu ili toroli lipite kunaongeza kimo cha nguzo, na tumeshaona hesabu yake. Toa maji kwanza.

Njia panda nazo ziangaliwe peke yake. Mapito mawili ya mita 6 yakikatana, ulalo wa kona hadi kona ni takriban mita 8.5, na hapo ndipo dari za makaa ya mawe huporomoka kuliko kwingine. Pembe za nguzo zikimenyuka, ulalo unaongezeka kimyakimya. Usifungue njia panda mpya kabla ile ya nyuma haijashikiliwa.

Matatizo yanayokuja na majira

Tabaka za mfinyanzi-mwamba juu ya makaa hunywa unyevu wa hewa, huvimba, kisha humenyuka. Migodi mingi duniani huona maporomoko yakiongezeka miezi ya joto lenye unyevu, hata pasipo tone la mvua ndani. Kwenye duara zetu shida ni ya wazi zaidi: mita za juu ni udongo mwekundu na mwamba uliooza, na masika ikishuka, maji yanapita nyuma ya matimba na kuosha udongo uliokuwa unayabana. Timba linaonekana limesimama vizuri, nyuma yake ni pango. Gonga ukuta nyuma ya mbao. Chimba mfereji kuzunguka mdomo wa duara, inua mdomo kwa udongo ulioshindiliwa, na lundo la kifusi lisogezwe mbali na ukingo. Baada ya mvua kubwa, mtu wa kwanza kushuka awe mkaguzi, akiwa amefungwa kamba.

Jiwe lililoanguka bila kuonya

Kwenye makaa ya mawe kuna visiki vya miti ya kale vilivyogeuka jiwe, vikasimama wima ndani ya dari. Ukiangalia juu unaona umbo nadhifu la mviringo, limezungukwa na uzi mwembamba wa makaa yanayong'aa. Hakijashikana na kitu, ubavu wake ni laini, na chini ni kipana kuliko juu. Kinateremka chote kwa mara moja, na mtarimbo hausemi kitu. Ukikiona, kizungushie boliti na ukanda wa chuma, au kisimamishie timba, siku hiyohiyo.

Kwenye mwamba mgumu wa Handeni, anayefanana na huyo ni kabari: nyufa mbili au tatu zinazokutana juu ya dari, kila moja na uso laini unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Fuata kila ufa kwa tochi hadi ujue unakwenda wapi. Zikikutana juu yako, jiwe lililo katikati linashikiliwa na msuguano tu. Kama ni dogo, liangushwe kwa mtarimbo mrefu, ukiwa umesimama upande wenye dari nzima na njia ya kurudi nyuma ni wazi.

Kama imeshaporomoka

Hesabu watu kwanza, kwa majina yaliyoandikwa juu kabla ya zamu. Duara isiyo na daftari la walioshuka haijui inamtafuta nani. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na umjulishe Afisa Madini Mkazi. Zuia ndugu na rafiki wasikimbilie ndani. Kwenye mgodi wa Crandall Canyon, Utah, Marekani, Agosti 2007, baada ya wachimbaji 6 kunaswa, waokoaji 3 waliuawa siku kumi baadaye ndani ya mgodi uleule, mbavu za nguzo zilipopasuka. Kila hatua ya kuingia ishikiliwe upya kwa matimba, hata kama inachelewesha.

Hewa nayo ipimwe. Kwenye makaa ya mawe poromoko husukuma gesi ya methani iliyokuwa imejificha kwenye mashimo ya dari, na gesi hiyo hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Hakuna kiberiti, hakuna sigara, hakuna mashine ya petroli kushushwa chini.

Na msikate tamaa mapema. Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Zimeni winchi na jenereta kwa dakika chache kila saa, watu wote wanyamaze, mgonge bomba au mwamba mara tatu, msikilize.